Ukitaka kugusa sheria, mtafute mbunge asiye na cheo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza vyama vya vijana na vya akina mama wa hapa Lubumbashi kwenda kuonana na wabunge, na ninawasihi wasomaji wangu wasiishie kubisha hodi kwa mawaziri tu. Mbunge wa kawaida, asiye na kiti katika Afisi ya Bunge, yaani uongozi wake, wala haongozi kamati yoyote, ana uwezo ambao wengi wetu hatuutumii. Ibara ya 130 ya Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inampa kila mbunge na kila seneta haki ya kuanzisha sheria, sawa na Serikali. Sheria ya kulinda haki za Wapigme, iliyotangazwa tarehe 15 Julai 2022, ilianzia kwa wabunge wenyewe.

Hotuba za kikao cha wote zinasikika redioni, lakini kazi nzito hufanyika katika kamati, ambako mswada hupitiwa ibara kwa ibara. Kwa hiyo mkienda kwa mbunge, mpelekeeni karatasi moja yenye safu mbili: kushoto ibara kama ilivyo katika mswada, kulia jinsi mnavyotaka isomeke, na chini yake sababu kwa mistari mitatu. Nimeona barua ndefu, zenye malalamiko ya haki kabisa, zikibaki mezani, ilhali karatasi ya namna hiyo ikitiwa mkobani na kufika Kinshasa, kwa kuwa mbunge alikuta maneno yaliyo tayari kusomwa mbele ya wenzake.

Msisahau swali la fedha. Katiba inakataa marekebisho ya mbunge yanayopunguza mapato ya taifa au kuongeza matumizi, isipokuwa yaonyeshe fedha za kufidia zitatoka wapi, na hapo ndipo mapendekezo mengi mazuri hufia. Anayedhani kwamba ibara moja ni jambo dogo aangalie Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018: asilimia 15 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, ni ya komini, sekta au usultani (serikali ya mitaa) ambamo mgodi upo, na mkazi wa Ruashi, komini ya hapa Lubumbashi, anaweza kuidai kwa kunyoosha kidole kwenye maandishi.

Wakati mzuri wa kumwona ni likizo ya bunge, hasa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, anaporudi jimboni na kukusanya hoja za ripoti yake. Kikao kinachofunguliwa tarehe 15 Septemba humezwa zaidi na bajeti, kwa hiyo jambo lisilohusu bajeti huwa na nafasi kubwa zaidi katika kile cha 15 Machi. Bunge likishapiga kura, ufuateni mswada hadi Seneti, kwa sababu mabunge mawili yasipokubaliana, maandishi hupelekwa katika kamati ya pamoja, na ibara yenu inaweza kuondolewa huko bila ninyi kujua.