Kabla ya kufleshi kompyuta ya gari, anza na betri

Mteja akinipigia simu na kusema "fundi, nataka gari langu lifleshiwe", yaani kompyuta ya injini iandikwe programu mpya, sikimbilii laptopu. Namuuliza kwanza gari linamsumbua nini. Kuna dada mmoja aliniletea saluni yake ya petroli akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba programu ya injini imezeeka, ndiyo maana gari linakula mafuta. Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi P0171, maana yake hewa inayoingia kwenye injini ni nyingi mno kwa mafuta yanayoingia. Nikafungua boneti, nikapitisha vidole chini ya mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye sensa inayopima hewa kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Upande wa chini, ambako jicho halifiki, nikagusa ufa wa urefu wa kidole gumba. Hewa yote iliyoingilia pale ilikuwa haijapita kwenye sensa, kwa hiyo kompyuta haikuijua. Tukabadilisha mpira, gari likatulia. Siku ile ningemwandikia programu mpya, angelipa hela yake na ufa ungebaki palepale.

Programu haichakai kama oili. Iliyomo leo kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo ileile iliyotoka kiwandani. Kwa hiyo sababu za kweli za kuibadilisha mimi nazijua mbili: mtengenezaji amegundua kosa ndani ya programu yenyewe, au umebadilisha kifaa na kilichofungwa kinahitaji data ya gari lako.

Mfano wa sababu ya kwanza upo barabarani kwetu kila siku. Februari 2014 Toyota iliita yarudi kurekebishwa magari ya Prius ya kizazi cha tatu takriban milioni 1.9 duniani kote. Programu ya kuendesha inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa ili uendeshe mota, iliruhusu transista zake zipate joto kupita kiasi gari likibeba mzigo mkubwa. Dawa ilikuwa programu mpya. Oktoba 2018 kampuni hiyo ikaita tena magari ya haiburidi (yanayotumia mafuta na umeme) kama milioni 2.4, Prius na Auris, mengi yakiwa yameshapita kwenye marekebisho ya mwanzo, kwa sababu yangeweza kuzima barabarani badala ya kupunguza nguvu na kuendelea kutembea. Kama una Prius ya miaka hiyo iliyokuja kutoka Japani, usimlipe mtu kabla hujajua kama ilishafanyiwa kulekule. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona marekebisho yanayolihusu gari.

Sababu ya pili ndiyo inayowaumiza watu hapa mjini. Mtu ananunua kontroboksi ya mtumba yenye namba zinazofanana na yake, anafunga, gari linawaka, anafurahi. Baada ya wiki moshi. Kila injekta ya injini ya 1KD, ile ya Hilux na Prado, ina herufi na tarakimu 30 zilizochapwa kichwani, zinazoiambia kompyuta injekta hiyo inamwaga mafuta kwa tabia gani. Kontroboksi ya mtumba imekuja na namba za injekta za gari lililokufa. Gia boksi za CVT za Nissan, zile za otomatiki zisizo na hatua, nazo zina data yake: ukibadilisha valvu bodi (kipande kinachogawa oili ndani ya gia boksi) au kompyuta ya gia, data inayoendana na valvu bodi iliyofungwa lazima iandikwe, la sivyo gari litashtuka kila linapoondoka. Soma na uhifadhi data ya kontroboksi ya zamani kabla hujaitoa. Ikishakufa kabisa hutaipata tena kirahisi.

Sasa nije kwenye betri, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2018 niliandika programu kwenye gari moja la Kijerumani. Faili lilikuwa sahihi, kifaa cha kuunganishia kilikuwa kizuri. Kwenye betri nilifunga chaja ya kawaida, ile ya kuchajia betri usiku kucha, nikaamini inatosha. Dakika ya pili tu feni za mbele zikaanza kunguruma kwa kasi yote. Sikulitegemea hilo, ingawa leo najua ni jambo la kawaida kwenye magari mengi: kompyuta ya injini ikiwa inaandikwa haiwezi kuziamuru feni, nazo zinajiwasha zenyewe kulinda injini. Nikaangalia volti: 12.4, 12.1, 11.7. Mstari kwenye skrini ulikuwa umefika asilimia 41, ukasimama. Feni bado zinanguruma. Kisha maandishi mekundu.

Ujue utaratibu wa kazi hii ili uelewe kwa nini nililowa jasho. Mashine inafuta programu ya zamani kwanza, ndipo inaandika mpya kipande kwa kipande, na mwisho inahakiki jumla yake. Kazi ikikatika katikati, ya zamani haipo na mpya haijakamilika. Kinachobaki ni kipande kidogo cha kuanzishia, na kama nacho ni kizima unaweza kurudia kupitia soketi ileile. Mara ile haikuwezekana. Kontroboksi ilitolewa, ikapelekwa kwa mtaalamu wa kuifungua na kuiandika mezani, siku nane, kwa hela yangu. Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu. Kila asubuhi alikuja gereji, akatusalimia, akakaa kwenye benchi karibu na lango bila kusema neno hadi saa sita. Sijasahau ule ukimya.

Tangu siku hiyo sianzi bila kifaa cha kutoa umeme uliotulia. Chaja na kifaa hicho ni vitu viwili tofauti. Chaja inasikiliza betri, inapandisha na kushusha, nyingine inatoa umeme wa mapigo. Kifaa cha kutuliza kinashika volti ileile hata mzigo ukiruka ghafla. Mimi nakiweka kwenye 13.5, na kwa magari ya sasa sitaki kiwe chini ya ampia 50. Hata hivyo betri ya gari lenyewe lazima iwe nzima na imejaa, kwa sababu kifaa hicho kinakula umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani unakatika. Umeshanikatikia katikati ya kazi. Betri ndiyo iliyonimalizia dakika zilizobaki, kwa kuwa nilikuwa nimezima taa, redio na feni ya AC, na milango ilikuwa imefungwa. Kwenye haiburidi usidanganywe na ile betri kubwa. Gari likiwa kwenye swichi tu bila taa ya READY (tayari kutembea) kuwaka, betri kubwa haichaji ile ndogo ya volti 12, na kwenye Prius ya kizazi cha tatu hiyo ndogo iko nyuma kwenye buti, haina nguvu ya kuchezea.

Laptopu iwe kwenye chaji, isiwe na ruhusa ya kulala wala kujisasisha. Tumia kebo. Kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth, cha bei rahisi cha kusomea kodi za hitilafu, ninacho mfukoni kila siku, kinanisomea kodi vizuri, lakini siwezi kukikabidhi kontroboksi ya mtu niandike. Kuandika kunataka kifaa cha mtengenezaji au kinachofuata kanuni ya J2534, ya vifaa vya kuandikia kompyuta za magari. Na faili liendane na namba ya kalibresheni, yaani namba ya toleo la programu, iliyomo kwenye gari. Siyo kwa sababu injini ni ileile basi faili la Ulaya likae kwenye gari la Japani. Namba hiyo naipiga picha kabla na baada, pamoja na kodi zote zilizokuwepo. Mashine ikiruhusu kusoma programu ya zamani, naisoma na kuiweka sehemu mbili.

Baada ya kuandika, kodi kama U0100 zitajaa kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu muda wote huo zilikuwa zinaiita kompyuta ya injini na haijibu. Futa, washa, acha injini ijifunze mwendo wake gari likiwa limesimama, kisha endesha. Gia ikigonga kidogo kilomita za mwanzo, angalia kwanza kama umefanya zoezi la kuifundisha upya.

Na ikikwama katikati, usizime swichi. Usichomoe waya wa betri kwa hofu. Mwaka jana mstari ulinisimamia kwenye asilimia 78, mwenye gari yuko pembeni ananiangalia usoni. Volti zilikuwa 13.5, hazijatikisika, kwa hiyo nikajua tatizo siyo umeme. Niliacha swichi ilivyo, nikabadilisha kebo, nikaanza upya kutoka sifuri. Ilichukua dakika 19, feni zikinguruma muda wote, ikafika mia.