Re: SpamAssassin inakawiza kila barua sekunde 15

Ndugu, umeuliza kwa nini SpamAssassin (programu ya kuchuja barua pepe taka) hukawiza kila barua sekunde 15 ilhali maulizo ya DNS (mfumo wa majina ya mtandao, ambao kwa huo huangalia kama mtumaji yumo kwenye orodha za watumaji taka) hutumwa yote kwa pamoja. SpamAssassin huyatuma mapema, huendelea kupima maandishi, kisha hurudi kukusanya majibu. Kadiri majibu yanavyoingia, muda wa kungoja hupungua kuelekea sekunde 3. Kwa hiyo 15 kamili maana yake karibu hakuna kilichojibiwa: tatizo si orodha moja ya watumaji taka, ni seva yako ya DNS. Usipunguze rbl_timeout (mpangilio wa muda huo wa kungoja), utapitisha taka tu! Sakinisha Unbound (programu ya seva ya DNS) papo hapo kwenye mashine hiyo hiyo, isipitishe maulizo kwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya umma ya Google (Spamhaus, mmoja wa wenye orodha hizo, huyakataa kwa jibu la 127.255.255.254). Weka dns_server 127.0.0.1 (yaani mashine yenyewe) kwenye local.cf, faili ya mipangilio ya SpamAssassin, uwashe upya spamd, huduma yake inayofanya kazi chinichini.