Mi naichagua ile Mars iliyopakwa rangi kwa mkono

Habari mhariri na wasomaji wenzangu. Mmeuliza picha gani ya anga au ya sayansi imekukaa kichwani kuliko zote na kwa nini. Najua wengi mtataja zile za darubini ya James Webb, au ile ya Dunia inachomoza nyuma ya mwezi waliyoipiga watu wa Apollo 8 mwaka 1968, na huku kwetu lazima atakuwepo atakayetuma selfie yake na kimondo cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma lililotoka angani (halali kabisa, mtu wa Mbeya akipata mgeni si ndo anampeleka huko). Mi yangu ni ya sayari ya Mars, ya 1965, na usipoambiwa kitu utadhani mtoto wa chekechea kaachiwa chaki.

Iko hivi. Julai 1965 chombo cha Marekani kinaitwa Mariner 4 kilipita karibu na Mars, kama kilomita elfu 10 hivi, kikapiga picha 21 na kipande cha ya 22. Hapo hakuna aliyewahi kupata picha ya Mars iliyopigwa kwa karibu. Ila kuzituma sasa! Kila picha ilikuwa pikseli 200 kwa 200, yaani namba 40,000, kila namba iko kati ya 0 na 63 kuonesha pale pana mwanga kiasi gani (namba moja ni biti 6, yaani sifuri na moja sita), na chombo kinatuma biti 8 na kidogo tu kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe, picha moja saa 8 nzima. Na hiyo picha ni ndogo kuliko stika ya WhatsApp! Halafu kulikuwa na wasiwasi kwamba tepu iliyorekodi picha kule chomboni imezingua, kwa hiyo mainjinia pale JPL, maabara ya NASA iliyoko California, uvumilivu ukawashinda, wakaona kusubiri kompyuta imalize kuitengeneza picha ni mbali sana. Wakachukua karatasi nyembamba ndefu zilizoprintiwa namba tupu, wakazibandika ubaoni moja pembeni ya nyingine, na mmoja wao, Richard Grumm, akaenda duka la vifaa vya uchoraji kutafuta chaki za kijivu, hakupata, akarudi na pasteli za rangi. Wakagawana, namba kuanzia hapa mpaka hapa kahawia, hizi nyekundu, hizi njano, wakaanza kupaka. Kwa mkono. Mpaka ukingo wa Mars ukajichora wenyewe pale ubaoni, sayari upande huu, anga upande ule, wakajua kumbe tepu nzima, mambo yako sawa.

Itafuteni mtandaoni muivute mpaka mwisho. Unaona namba zenyewe zinachungulia chini ya rangi, unaona pale karatasi moja inapoishia na nyingine inapoanzia, unaona kabisa mkono wa mtu ulivyosugua, sehemu nyingine kakandamiza sehemu nyingine kapitisha tu.

Kwa nini inanigusa, mi nina studio Mwanjelwa, pasipoti saizi, kuprinti, kusafisha picha za zamani, na ukutani nimebandika ile ya Webb ya nebula ya Carina (nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani), ile inayofanana na milima ya rangi ya kutu na juu yake bluu, ile waliyoitoa Julai 2022. Haipiti wiki bila kijana anayesubiri picha zake kusema bro hiyo photoshop hiyo. Na mimi kila mara najibu ndiyo, imepakwa rangi, na bado ni ya kweli. Hapo ndo ubishi unaanza.

Maana kuna kitu watu hawakijui kuhusu rangi. Juzi juzi kaja dada na picha ya mama yake ya nyeusi na nyeupe, anataka niiweke rangi. Namuuliza kitenge kilikuwa rangi gani, maana picha yenyewe inaniambia tu hapa peusi zaidi hapa peupe zaidi, kama ni bluu au kijani haisemi. Akapiga simu Tukuyu palepale, shikamoo shangazi, shangazi anasema bluu, baba mdogo yuko pembeni anasikika anasema kijani, wakabishana weee mpaka salio likaisha. Nikaweka bluu (shangazi ndiye aliyekuwa anakiazima). Sasa uso wa yule mama, mikunjo ya kitenge, kiti alichokalia, hivyo sijavigusa, viko vilevile kamera ilivyovikuta.

Webb ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba wale hawabahatishi kama sisi. Ile darubini inaona infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni kabisa, na inapiga kwa kupitisha mwanga kwenye filta mojamoja, kila filta inatoa picha ya kijivu. Wao wanachukua wimbi refu zaidi wanalipa nyekundu, fupi zaidi bluu, ya katikati yanafuata kwa mpangilio. Ile maarufu ya darubini ya Hubble ya 1995, nguzo za vumbi na gesi, walitumia njia nyingine, mwanga unaotoka kwenye salfa wakaupa nyekundu, wa haidrojeni kijani, wa oksijeni bluu. Kwa macho ya kawaida salfa na haidrojeni zote zingeonekana nyekundu, usingejua ipi ni ipi, kwa hiyo rangi zile za kupanga zinakuonesha kitu ambacho rangi halisi ingekuficha. Nikifika hapo bro wangu kashalipa kaondoka.

Ile ya shimo jeusi ya 2019, la galaksi ya M87, kwa sura sijaipenda kusema ukweli, duara la chungwa lenye ukungu basi, na hilo chungwa nalo ni la kuchagua maana data zilikuwa za mawimbi ya redio. Ila habari yake tamu. Darubini zilikuwa sehemu mbalimbali za dunia mpaka Ncha ya Kusini, data nyingi mno hazitumiki kwa intaneti, zikasafirishwa kwa ndege zikiwa kwenye hard disk, na za Ncha ya Kusini zikakwama huko miezi kwa sababu wakati wa baridi ndege haziendi. Walirekodi Aprili 2017, sisi tukaiona Aprili 2019. Sa hizo diski za kusafirishwa nazo ni namba tupu kama zile karatasi za Grumm, tofauti ni wingi tu.

Kwa hiyo mi nabaki na ya Mars, kwa sababu pale hakuna kilichofichwa, namba ipo, rangi ipo juu yake, kila kitu uchi.

Na mhariri, hapohapo nina ombi. Mnapochapisha picha za anga mnaandika chini "picha: NASA" basi, haitoshi. Wekeni mstari mmoja tu, imepigwa kwa mwanga gani na nyekundu inasimama badala ya nini. Nafasi ipo, mbona matangazo ya ukurasa wa mwisho yanaenea.