Nyumba Inauzwa, Krismasi Nayo Imebisha Hodi

Wiki hii nawajibu wanaouza nyumba huku sikukuu ikiwa mlangoni. Nilifanya udalali Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo msitarajie nitabembeleza.

Dalali anasema tusipambe chochote mpaka nyumba iuzwe. Watoto wanalilia mti. Tuko Tabata, sebule si kubwa.

Mama, wapambie watoto. Mteja akikuta nyumba imenuna wiki ya Krismasi, hujiuliza kimoyomoyo kama mna msiba au mnakimbia deni, na akishahisi deni, bei anaishusha yeye. Shida ni ukubwa wa mti na mahali unaposimama. Niliwahi kumwingiza mteja kwenye sebule ambayo mti wa plastiki ulikuwa kati ya mlango na kochi. Akapita kiubavuubavu, mkoba ukanasa tawi, kipira kikadondoka, pwaa! Mwenye nyumba akasema "usijali", lakini mgeni alishaamua kwamba sebule ni finyu. Ilikuwa mita nne kwa tano. Mti wenu uwe mfupi, ukae juu ya meza kwenye kona isiyo na dirisha. Na zile stuli za ziada zipelekeni kwa jirani.

Nimepiga picha za tangazo, mti unaonekana kwa nyuma, zimependeza. Nizitumie?

Hapana. Februari mtu akiona mti wa Krismasi kwenye tangazo lako atajua nyumba imekaa, na pale ulipoandika "maongezi yapo" atasoma "nimechoka". Piga nyingine asubuhi, mapazia yakiwa wazi.

Tunauza nyumba ya urithi Moshi. Ndugu tutafika siku chache kabla ya Krismasi, na wateja watakuja kabla ya Mwaka Mpya maana ndipo watu wapo nyumbani. Ukuta wa chumba cha wageni una madoa. Tupige rangi haraka tufunike, halafu tutundike mapambo?

Msifunike. Mvua za vuli zimenyesha wiki kadhaa na ukuta umekunywa maji. Rangi ikipigwa juu ya unyevu huota malengelenge, na mara nyingi huyaota siku ile mteja anaporudi na fundi wake. Tena ukuta mmoja uking'aa kuliko wenzake watatu, mnunuzi huenda moja kwa moja pale pale kuugonga kwa kidole.

Mapambo ndiyo mabaya zaidi. Nilishawahi kutundika kitambaa chenye picha ya mamajusi juu ya ufa. Mteja, mzee mmoja mpole, alikiinua kwa ncha ya kalamu, akanitazama, akaaga. Hata bei ya mwisho hakuiuliza.

Fanyeni hivi. Chukueni kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, kibandikeni juu ya doa kwa selotepu pande zote nne, kilale hapo hadi kesho yake. Mkikuta matone upande wa ndani, ukuta bado umelowa. Doa likianzia juu, mtu apande akague bati na mifereji yake. Likianzia chini, angalieni nje kama udongo wa maua umerundikwa ukutani. Zibeni chanzo, ukuta uachwe ukauke, na mteja aambiwe ukweli huku akionyeshwa bati lililobadilishwa. Na fundi asiwadanganye kwamba atapiga plasta leo na rangi keshokutwa. Plasta mpya inataka kama wiki nne.

Kwa kuwa ni urithi, je, msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama? Mnunuzi makini atauliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Taa za kumetameta nje, sawa?

Mstari mmoja barazani, sawa. Ila ekstensheni iliyofungwa kwa utepe na kulala kwenye majani mabichi itamfanya mteja aamini kwamba hata nyaya za darini zimeungwa hivyo hivyo. Na pengine hatakosea.

Sisi ni Wakristo, Jumamosi anakuja mteja Mwislamu. Tuondoe pango la mtoto Yesu?

Liacheni. Mji huu watu wamekulia nyumba za kupanga, chumba hiki wanafunga Ramadhani, kile wanafunga Kwaresima, na sahani ya pilau inavuka ukumbi sikukuu zote. Pango halitamsumbua. Huenda akaangalia choo, kwa sababu anayejisaidia hatakiwi kuelekea kibla wala kukipa mgongo, na kutoka Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Jueni choo chenu kimetazama wapi kabla hajafika.

Nifukize udi wateja wakija?

Jana yake usiku, kidogo. Ukimpokea na wingu la moshi atadhani shimo la choo limejaa.

Karibu na geti tuna mkrismasi mkubwa, umechanua wote mwekundu. Mke wangu anataka tuuzungushie taa, jirani anashauri tuukate kabla ya kuuza.

Wala taa wala shoka! Mti wenyewe umepewa jina kwa kuchanua majira haya, sasa taa za Kariakoo zitauongezea nini? Fagieni maua yaliyoanguka njiani, yanateleza mvua ikinyesha. Ya kwenye majani yaacheni yalivyo. Jirani naye ana hoja nusu: mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu, hunyanyua vitofali vya njia na kupasua ukuta ulio karibu. Kagueni uzio upande ule. Kama kuna ufa, mwonyesheni mteja wenyewe, pamoja na makadirio ya fundi. Mpangieni saa kumi jioni, jua likipenya kwenye maua, na kiti kimoja kiwe kivulini.