Acha hiyo nyungu mkuu, shemeji hajawa mvivu

Mkuu sijamaliza hata kusoma swali lako, nimefika pale unaposema mkeo mwenye MS anachoka kila siku, leo jioni unamchemshia nyungu ya mchaichai na mwarobaini halafu kesho mnaanza kukimbia ufukwe wa Coco saa kumi jioni "ili damu ichemke uchovu utoke", nikaacha chai mezani. Usifanye. Mtu mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo) hafukizwi. Soma tena hiyo halafu ndo uendelee.

Mimi nilifanya. Wife aligundulika na MS baada ya kuzungushwa sana, mara presha, mara mawazo, mpaka MRI ndo ikaonyesha madoa kwenye ubongo. Miguu iliyokuwa inakufa ganzi ikarudi, jicho likarudi, nikajua tumemaliza. Kilichobaki ni uchovu. Mtu kalala usiku kucha, anaamka, anaoga, akitoka bafuni anakaa kitandani na khanga yake nusu saa hata vifungo hawezi kufunga. Na ukimwangalia mzima kabisa, kapendeza, mashavu yapo. Basi mimi kwa akili zangu nyingi nikaamua kazoea kudekezwa.

Ndo akatokea huyo jamaa, "mtaalamu wa tiba lishe", tulikutanishwa kwenye grupu la WhatsApp. Kila neno la pili sumu. Sumu imejaa kwenye mishipa, lazima itoke kwa jasho, hospitali hawawezi kukwambia hayo maana watakosa biashara. Akaniuzia makopo ya unga wa kijani kwa hela ya kodi ya nyumba na ratiba ya nyungu asubuhi na jioni. Sasa piga picha, Dar, mwezi wa pili, ukikaa tu unatoka jasho, mimi namfunika mke wangu blanketi juu ya sufuria inayotokota. Akasema nimechoka, jicho moja naona ukungu. Nikamwambia vumilia mama, ndo inatoka hiyo. Kwa mdomo huu huu. Akavumilia, maana ananiamini, na aliposimama miguu haikuwepo, akaenda chini na mkono ukawahi sakafu, kifundo kikavunjika vibaya. Upasuaji, vyuma, hela ya kiwanja cha Kigamboni yote ikaishia humo. Sasa hivi nikipita kule nasema hewa ya Kigamboni hainifai, ina chumvi sana.

Jamaa nikampigia. Akasema mgonjwa hakuwa na imani. Halafu akaniblock! Kopo moja bado ninalo, linazuia mlango wa stoo usijifunge, ndo kazi pekee nimeona likiifanya.

Ila mkono siyo hasara niliyotaka kukwambia. Baada ya siku ile wife aliacha kuniambia akichoka. Akichoka ananyamaza, anapika kaegemea ukuta, anacheka na wageni mpaka lipsi zinatetemeka, ili tu nisije na dawa nyingine. Siku moja namkuta kalala sakafuni jikoni, namuuliza vipi, ananiambia nilikuwa natafuta kijiko. Mkuu, hapo hata uwe na bima gani haikusaidii.

Daktari wa neva ndo alinikalisha chini. Kwenye MS kinga ya mwili inashambulia lile ganda linalofunika neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo ujumbe unapita kwa shida. Chukulia pampu inapandisha maji kwenye bomba lenye matundu, maji yanafika juu kweli ila pampu inakaribia kuungua, na wewe unayekinga ndoo kule juu huoni kitu. Sasa ongeza joto. Mwili ukipanda hata nusu digrii tu, neva zilizochubuka zinapitisha vibaya zaidi. Siyo kitu kipya, daktari wa macho wa Ujerumani anaitwa Uhthoff aliandika tangu 1890 kuhusu wagonjwa ambao macho yanafifia wakifanya mazoezi. Kabla ya MRI kuna madaktari walikuwa wanamtumbukiza mtu kwenye maji ya moto makusudi waone kama dalili zitatokea. Kile kipimo mimi nimekifanya sebuleni, na nimelipia!

Bahati ni kwamba mwili ukipoa dalili nazo zinashuka. Jicho la wife lilifunguka tukiwa kwenye foleni ya eksirei, chini ya AC. Mfupa ndo haukufunguka.

Kwa hiyo nyumbani kwangu sheria ni moja, akisema nimechoka mjadala umeisha. Hakuna "ila mbona jana", hakuna "jikaze kidogo". Usimpime kwa macho yako, macho yako yanaona mashavu.

Na usinielewe vibaya, mazoezi yanasaidia kweli huo uchovu, siyo alale tu. Ila alfajiri kabla jua halijakaza, kidogo kidogo, maji baridi mkononi, na anakaa chini kabla hajachoka, siyo akishachoka. Saa kumi Coco lami inawaka bado.

Vidonge ulivyouliza: kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2021, walijaribu dawa tatu za uchovu, amantadini, modafinili na methilfenideti, kwa wagonjwa 141 wa MS, hakuna iliyoshinda kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani. Usikimbilie huko. Kwanza muulize daktari kama anaamka usiku kukojoa, kama damu ni pungufu, tezi ya shingo, sonona, na kama anakunywa baklofeni ya kulegeza misuli maana nayo inalegeza mpaka mtu mwenyewe. Hayo yanatibika na watu wanayaruka.

Halafu umesema mama yako anakuja kukaa wiki mbili. Mambo mazito yote yafanyike asubuhi, wageni waje asubuhi, feni ya kuchaji iwe imeshachajiwa maana umeme unaujua. Na mama akiuliza mbona mkwe kalala saa nane mchana, jibu wewe. Usimwachie yeye ajieleze.