Barua kwa Mwanangu: Makapi ya Mtakatifu Thoma

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniuliza: ikiwa Thoma wa Akwino, yule mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, mwenyewe aliyaita maandiko yake makapi, kwa nini waseminari bado wanahangaishwa nayo?

Aliyekusimulia alikupa nusu ya maneno. Tarehe 6 Desemba 1273, huko Napoli, Thoma aliadhimisha Misa, kisha akaacha kuandika. Summa Theologiae, kitabu chake kikubwa cha teolojia, ilikuwa imefika sehemu ya tatu, kwenye sakramenti ya Kitubio. Katibu wake, Ndugu Reginaldo, alipomsihi aendelee, alijibu kwamba yote aliyoyaandika anayaona kama makapi akiyalinganisha na aliyofunuliwa. Uzito uko kwenye huko kulinganisha. Hakuyakana, wala hakuagiza yachomwe. Wapo wanaodhani alipatwa na maradhi ya ubongo au uchovu. Yawezekana, maana hakuishi sana. Aliugua akiwa safarini kwenda Mtaguso wa Lyon, mkutano mkuu wa maaskofu, akafia kwenye monasteri ya Fossanova tarehe 7 Machi 1274.

Usimdhanie mtu wa kukata tamaa. Ukoo wake ulitaka awe abati, yaani mkuu wa monasteri, wa Monte Cassino, cheo chenye heshima na mali. Yeye akajiunga na Wadominiko, watawa waliokula kwa kuomba. Kaka zake walimkamata njiani, wakamfungia kwenye ngome ya familia karibu mwaka mzima, na mama yao alikuwa nyuma ya jambo hilo. (Sisi wazazi tuna mambo!) Hakubadili nia.

Lakini kinachonifanya nimrudie ni namna anavyobishana. Tafuta sehemu ya kwanza ya Summa, swali la pili, kifungu cha tatu: je, Mungu yupo? Anaanza kwa kusema yaonekana hayupo. Anatoa hoja mbili: uovu umejaa duniani, na mambo ya ulimwengu yanaelezeka bila kumhitaji Mungu. Si ndizo hizo mnazotupiana huko chuoni? Anazipanga vizuri kuliko wengi wanaozitumia leo, ndipo anajibu. Na alijifunza kokote palipokuwa na akili: kwa Aristotle mpagani, kwa Ibn Sina Mwislamu, kwa Maimonides Myahudi.

Jambo hilo halikuwapendeza wote. Mwaka 1277 Askofu wa Paris alilaani hoja 219, nyingine zikigusa mafundisho ya Thoma. Papa Yohane XXII akamtangaza mtakatifu mwaka 1323, na mwaka 1567 Papa Pius V akampa heshima ya Mwalimu wa Kanisa.

Makapi yenyewe unayaimba tangu utotoni. Tantum ergo, ile ya kwenye Baraka ya Sakramenti Kuu, ni beti mbili za mwisho za utenzi wake Pange lingua.

Usianze Summa ukurasa wa kwanza, utachoka. Anza na kifungu hicho nilichokutajia, usome hoja za wapinzani kwanza, ujaribu kuzijibu mwenyewe kabla hujafika kwenye jibu lake. Kisha uniandikie ni ipi iliyokushinda.

Baba yako