Jibu kwa mwanafunzi anayekuja Zanzibar kutafiti dini na haki za binadamu

Mkuu, uzi wako niliuona juzi nikasita kuujibu, lakini naona wengi waliotangulia ama wamekutania ama wamekukatisha tamaa. Kwa atakayesoma hapa bila kuona swali: unasoma dini na theolojia huko bara, wewe ni Mkristo, unataka kuja Unguja na Pemba kwa miezi miwili, mada yako ni "Uislamu na haki za binadamu Zanzibar: zinapatana au zinapingana?", na msimamizi wako anataka dodoso la watu 200. Unauliza kama watu watakufungukia, vibali vikoje, na dodoso uliandike vipi.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Utafiti wangu wa shahada ya pili niliufanya Pemba, juu ya wanawake wanaodai matunzo na talaka mbele ya kadhi. Nitakujibu kwa yaliyonifika, na mengi yake ni makosa yangu mwenyewe.

Vibali nitavipitia mbio. Kibali cha bara peke yake hakikufikishi popote huku. Zanzibar ina utaratibu wake, na ukishapata karatasi ya juu unashuka nayo mkoani, wilayani, mpaka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Sheha usimruke hata kama umefikia kwa mjomba wako. Mimi mzawa, ofisi moja ilinikalisha wiki tano kwa sababu ya maneno "haki za binadamu" kwenye kichwa cha utafiti. Afisa aliniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, hizi haki zako ni za siasa au za dini?" Nilipoandika "matunzo ya familia" barua ikatoka siku ya pili yake. Usimwone mtu wa ajabu. Huku dini na siasa zimegongana mara nyingi. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, ikajitoa 1993 baada ya zogo kubwa la Muungano. Halafu mwaka 2012 na 2013 tuliona sheikh akimwagiwa tindikali, makanisa yakichomwa na padri akipigwa risasi. Mtu wa ofisi akiona mgeni na kalamu anauliza "dini na haki" anahesabu hayo yote kabla hajakupa kiti.

Niseme pia kwamba swali la yule afisa lilikuwa bora kuliko maswali 40 niliyokuwa nayo mimi mkobani.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wanafunzi wa bara wanapoteleza na kazi nzima ikaharibika. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Nimesoma tasnifu mbili zilizoinukuu sura nzima! Huku Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya serikali. Ilikuwa na sheria yake ya 1985, sasa iko ya 2017, na ndiyo inayosikiliza ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu. Juu yake kuna Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo Ibara yake ya 19 inalinda uhuru wa dini. Pembeni kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985. Mwaka huo huo wa 1985 Zanzibar ilikuwa na sheria mpya ya kumfunga jela msichana aliyepata mimba bila ndoa. Ikaja kubadilishwa 2005, kifungo kikaondoka zikawekwa kazi za jamii. Kama unatafuta mada ya kuandikia, hiyo peke yake inakutosha: uliza masheikh na wanawake walikuwa wanasema nini katika ile miaka ishirini.

Kuhusu "zinapatana au zinapingana", nakusihi, liache swali hilo. Si kwamba ni baya. Limeshaulizwa sana na jibu lake linajulikana kabla hujapanda boti. Utamkuta anayesema Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 ni la Wazungu. Lakini siku lilipopigiwa kura Paris, Disemba 10, nchi 48 zilisema ndiyo na 8 zikajizuia. Saudi Arabia ilijizuia, Misri, Syria, Iraq na Pakistan zikaunga mkono. Afrika Kusini ya makaburu nayo ilijizuia, kwa sababu zake tunazozijua. Ibara ya 18, ile ya uhuru wa kubadili dini, iliwagawa Waislamu wenyewe kwa wenyewe: Zafrulla Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, aliitetea kwa hoja za Qurani. Halafu 1990 likaja Tamko la Cairo, la nchi za Kiislamu juu ya haki za binadamu, ambalo ibara yake ya 24 inaziweka haki zote chini ya sharia. Na kuna Msudani, mwanazuoni wa sheria Abdullahi An-Na'im, aliyetumia umri wake kusema kwamba haki za binadamu hazitashika mzizi mpaka kila watu wazipate ndani ya mila na dini yao wenyewe. Mwalimu wake, Mahmoud Mohammed Taha, alinyongwa Khartoum Januari 1985 kwa ajili ya fikra zake. Soma hayo yote, uyaweke sura ya pili, yakuondokee kichwani. Zanzibar yenyewe mwaka 1948 ilikuwa himaya ya Uingereza, haikuulizwa kitu.

Nije kwenye lenyewe.

Mimi nilikwenda na dodoso la kurasa sita. Swali la 7 lilikuwa: "Je, unazifahamu haki za binadamu?" Wanawake 30 wa mwanzo wote walinijibu ndiyo, na wote walinitajia haki zile zile kwa mpangilio ule ule: kuishi, elimu, afya, kutoa maoni. Nikafurahi. Shangazi yangu wa Konde, niliyekuwa nimefikia kwake, akacheka. "Hayo ni ya semina, mwanangu. Wamepewa na soda."

Wiki iliyofuata nikakaa nyuma ya chumba cha kadhi, mahakama moja ya wilaya ambayo siitaji. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amebeba mtoto. Mumewe amekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, miezi saba sasa, haleti wala hatumi. Kadhi akamuuliza anataka nini. Akasema, "Nataka haki yangu." Kadhi: "Haki ipi?" Akahesabu kwa vidole vya mkono uliokuwa hauna mtoto: chakula, nguo, nyumba yenye mlango unaofungika. Kisha akaongeza, "Na kama hawezi, basi aniache kwa wema."

Mkuu, nilikuwa na daftari lenye safu mbili, moja "hoja za dini", nyingine "hoja za haki". Nilikaa na kalamu sikujua pa kumwandika. "Kukaa kwa wema au kuachana kwa wema" ni aya ya Suratul Baqara. Hakuisoma kwa Kiarabu wala hakusema "Mwenyezi Mungu amesema". Aliisema kama mtu anavyodai chenji yake dukani.

Kadhi akamweleza juu ya khului, yaani mke kujivua kwa kurejesha alichopewa, akamsimulia hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyemrudishia mumewe bustani mbele ya Mtume akaachwa. Ni hadithi mashuhuri, imo kwa Bukhari. Mwanamke akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Huyo bustani aliipokea. Mimi mahari yangu mpaka leo nahesabiwa, sijaishika. Nirejeshe nini?"

Chumba kilikaa kimya. Kadhi, mzee mwenye busara, akavua miwani akaifuta. Akaagiza mume aitwe, na kesi ikaahirishwa. Mwisho wake sikuuona.

Hiyo ndiyo theolojia, mkuu. Haikuandikwa popote, imesemwa na mtu ambaye dodoso langu lingemweka kwenye kundi la "elimu ya msingi, hakumaliza".

Kutoka hapo nikaanza kulisikiliza neno "haki" linavyotumika mitaani. Madrasa tunafundishwa tangu wadogo kuwa kuna haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Haki yake Mungu anaweza kukusamehe mwenyewe, lakini haki ya mja mwenzio haisameheki mpaka mwenyewe akusamehe. Ndiyo maana mtu akitaka kwenda kuhiji anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Sasa mwanamke anapoambiwa "msamehe mumeo mahari" anajua hasa anaombwa kitu gani, na anajua kinavuka mpaka ng'ambo ya kaburi. Kuna nguvu kubwa pale, na kuna mlango wa kudhulumiwa pale pale.

Na kinyume cha haki, kwa watu wetu, ni dhuluma. Nilipoacha kuuliza "unazifahamu haki za binadamu" nikauliza "umewahi kudhulumiwa, na ulifanya nini?", sikuwahi tena kupata jibu la neno moja. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola, hilo kila mtu analijua. Mmoja aliniambia hakwenda kwa kadhi wala kwa sheha, aliswali usiku akashitaki huko, na kwake yeye ile kesi ilikuwa imefunguliwa rasmi. Mtu wa haki za binadamu ataandika "hakuripoti". Wewe mwanafunzi wa theolojia nakuomba usiandike hivyo.

Kuna na neno sitara, yaani kufunika aibu, yako au ya mwenzio. Mabango ya mashirika yanasema vunja ukimya. Mama mtu mzima wa kwetu anajua kwamba kumsitiri mwenzio ni ibada, na kujisitiri ni heshima. Sisemi sitara ni nzuri wakati wote, nimeona ikifunika mambo ambayo hayakustahili kufunikwa, hasa ya watoto. Ila ukija na "vunja ukimya" kama ndilo jambo la haki na sitara kama ndiyo mila, utakuwa umeshahukumu kabla ya kusikiliza. Waulize wenyewe sitara inaishia wapi. Wana majibu, na hawakubaliani.

Karatasi ya ridhaa. Chuo kitakulazimisha mhojiwa atie saini. Mimi nilimpa mwanamke mmoja kalamu, akairudisha taratibu. "Mwanangu, mara ya mwisho kutia saini nilikuwa nimesamehe mahari na sikujua." Tangu siku ile nikaomba ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi aliyemchagua mhojiwa mwenyewe. Msimamizi wangu alinung'unika akakubali. Pigania hilo kabla hujaondoka huko.

Wewe ni mwanamume? Hukusema. Kama ni mwanamume, hutazungumza na mwanamke peke yako, na usijaribu. Mimi mtafiti hasa alikuwa shangazi. Ilikuwa msimu wa karafuu, na usiku wanawake wanakaa kwenye majamvi wanachambua, karafuu huku makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vinanuka kwa siku tatu. Nikakaa ukingoni nachambua nami, vibaya, wakinicheka. Hapo ndipo watu walipozungumza. Mikono ikiwa na kazi na macho yameelekea chini, mtu anasema asiyoyasema akitazamwa usoni. Nusu ya sura yangu ya nne imetoka kwenye jamvi lile, na kila mmoja nilimrudia baadaye kumuuliza kama naruhusiwa kuandika alichosema. Wanne walikataa. Wale wanne ndio waliokuwa na visa vikubwa kuliko wote, na havimo.

Ukristo wako hautakuwa tatizo unalolifikiria. Sema mwanzo kabisa, usijifiche, maana jina lako litakutaja. Watu watakutania, wengine watakulingania, na wewe utakaribishwa kula. Kitakachokuponza ni kuingia kama hakimu. Ikiwa utauliza watu wa Pemba juu ya uhuru wa kubadili dini, waulize na Wakristo wa kwenu mtoto wao akisilimu inakuwaje nyumbani, uyaweke majibu ukurasa mmoja. Ukiwa Unguja nenda Mkunazini, kanisa la Waanglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Pale utaona dini zote mbili zina la kujibu kuhusu haki za mwanadamu, na hutajibeba kama mgeni msafi.

Watu 200 kwa miezi miwili waache. Mwambie msimamizi wako 20, na uwarudie mara mbili. Mimi nilitoa nakala 120 za dodoso, nikaishia na mazungumzo 23. Usije Ramadhani, utachosha watu. Njoo msimu wa karafuu ukiweza, shuka bandari ya Mkoani au Wete, na kabla ya kupanda boti tafuta mwanamke mtu mzima wa kijiji unachokwenda akubali kuwa mwenyeji wako. Umlipe kama msaidizi wa utafiti, jina lake liingie kwenye bajeti.

Dodoso langu ukilihitaji lipo, nitumie ujumbe. Ila nakala zilizobaki shangazi alizigeuza, upande wa nyuma kaandika hesabu za pishi.